Mkate wa Uwele wa Mawifi Wawili

Karanga zile nilizinunua kwa mama mmoja anayekaanga nje ya duka la vifaa vya ujenzi, hapahapa Dodoma, Chang'ombe tunapokaa. Nilikuwa nimeshatafuna nusu yake ndipo nikaiona karatasi iliyozifunga. Ilikuwa na maandishi ya zambarau yaliyofifia, ya mashine zile za zamani za kurudufu, na mstari wa mwisho ulisema: "Funika sufuria, panga makaa juu ya mfuniko, kisha omba Mungu."

Nikasimama palepale barabarani. Mapishi mengi nimeyasoma, lakini sijawahi kukutana na yanayomtaka mpishi aombe. Nikarudi.

"Mama, haya makaratasi umeyapata wapi?"

"Kwani vipi, karanga zimechacha?"

"Karanga ni nzuri sana. Nataka makaratasi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Makaratasi unataka, karanga hutaki?"

"Nataka vyote."

Akacheka, akavuta chini ya kigoda chake kijitabu kilichokwisha kunyofolewa kurasa za mwanzo. Alikipata katika furushi la magazeti ya kufungia bidhaa, hakujua kimetoka wapi. Jalada lilikuwa bado limeshikilia kwa pini moja yenye kutu, na juu yake mtu alikuwa amechora chungu kinachofuka moshi. Kilikuwa kitabu cha mapishi cha kikundi cha akina mama wa kanisa, Kibakwe. Mama wa karanga alinikabidhi akaniambia nimletee magazeti ya kutosha badala yake, na jioni ileile nikampelekea mzigo mzima.

Mume wangu alipouona uso wangu mlangoni alijua. "Umepata kingine," alisema.

Kazi yangu ni kunakili mazungumzo ya mikutano. Wakubwa wanazungumza, mimi navaa visikilizio na kuandika kila neno, pamoja na yale ambayo msemaji angependa yasahaulike. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi unaanza kupenda maneno ya watu wasio na kipaza sauti. Kwangu ilianza na mama yangu mzazi, aliyeko Tukuyu. Niliwahi kumwomba anielekeze ndizi na maharage anavyopika yeye, akanitumia sauti kwa simu, ndefu kama mahubiri. Ndani yake ndizi zilitajwa mara chache tu. Kwingine kulikuwa na jirani aliyeuza shamba, mbuzi aliyekula fulana, na jogoo akiwika katikati ya kitunguu. Niliiandika yote, na jogoo nikamweka. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuomba mapishi. Nina daftari la bibi harusi lenye mafundisho ya shangazi zake wa kichenpati, kila shangazi akimkosoa aliyetangulia. Nina karatasi ya pilau iliyoandikwa nyuma ya ratiba ya mitihani. Nina vijitabu vya wake wa wafanyakazi wa reli, vya vikundi vya uzazi wa mpango, vya shule za masista. Kabati la vyombo limejaa karatasi, na vyombo vyetu vinaishi juu ya friji.

Lakini hiki cha Kibakwe kilikuwa na jambo lake. Wale akina mama hawakuandika majina yao. Chini ya kila pishi waliandika kazi ya mume: Mke wa Karani, Mke wa Mganga wa Zahanati, Mke wa Mwenye Mashine ya Kusaga. Na niliporudisha ukurasa wa karanga mahali pake, niliona pishi moja lililotokea mara mbili, uso kwa uso, ukurasa wa kushoto na wa kulia. Mkate wa uwele. Kushoto ni wa Mke wa Mwinjilisti, na huyu ndiye aliyeandika tuombe; ukurasa wa karanga zangu ulikuwa wake. Kulia ni wa Mke wa Fundi Cherehani. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na maneno yaleyale: "Huu ndio wenyewe."

Ungefanyaje? Nilipika.

Nilianza na wa Mke wa Mwinjilisti. Unga wa uwele, unga wa kimea, yaani ule wa nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, sukari, maji, magadi kidogo. Choma mpaka uive. Niliupeleka ofisini. Wenzangu ni watu wa adabu, wakashika kila mmoja kipande, wakanywa nao chai nyingi sana. Mmoja aliuliza kama ni wa kuzuia mlango. Wiki iliyofuata nikapika wa Mke wa Fundi: unga uleule, kimea kilekile, ila badala ya maji ni togwa iliyolala. Huo haukuwa mgumu. Huo tuliunywa.

"Labda walikosana na mchapaji," mume wangu alisema, akikomba bakuli kwa kijiko.

"Hawa walikuwa wanaupika kweli. Mtu haandiki 'huu ndio wenyewe' juu ya kitu asichokijua."

"Basi twende ukawaulize."

Alisema kwa utani, lakini mimi utani wa namna hiyo siuachi upite. Jumamosi moja tukaondoka asubuhi na kigari chetu, tukapita Mpwapwa, tukaanza kupanda milima. Ukitoka Dodoma mjini, ambako vumbi limeingia hadi kwenye chumvi, Kibakwe inakushangaza kwa mashamba yake ya maharage na vitunguu yaliyoning'inia mlimani kama kanga zilizoanikwa. Tulisimama kanisani na kumuuliza mama aliyekuwa akifagia kama anamfahamu Mke wa Mwinjilisti.

"Mwinjilisti yupi? Tunao wengi."

Nikamwonyesha kijitabu. Akaegemeza ufagio ukutani, akaweka mkono mdomoni. "Huyu wa mkate? Huyu bado yupo! Nyumba ile ya mabati mekundu. Lakini," akashusha sauti, "usimtajie wifi yake."

Bibi wa Mwinjilisti, ndivyo nitakavyomwita, alikuwa anapepeta maharage uani. Mrefu, mkavu, mgongo umenyooka kama wa askari. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuletea viti kabla ya kutuuliza sisi ni nani. Nilipompa kijitabu alikishika kwa mikono miwili. Nakala yake, alisema, ililiwa na mchwa zamani, na mumewe alikuwa amefariki miaka mingi kabla ya hao mchwa. Aliufikia ukurasa wa mkate, akapitisha kidole juu ya maneno yake taratibu, midomo ikicheza. Kisha kidole kikavuka kwenda ukurasa wa kulia, na uso ukabadilika.

"Na huu uongo nao umesalimika," alisema.

"Bibi, huyu Mke wa Fundi ni nani?"

"Ni wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu. Anakaa kule ng'ambo ya soko." Akapuliza makapi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Bibi Maendeleo, yule ofisa aliyetukusanyia kitabu hiki, alituambia kila mama alete pishi moja. Nikaleta mkate aliokuwa akipika mama mkwe wangu, aliyenifundisha kwa mkono wake. Naye akaleta mkate huohuo, eti kwa kuwa yeye ndiye wa kuzaliwa. Bibi Maendeleo akachoka na kelele zetu, akaweka yote miwili."

"Ndiyo mkakosana?"

"Hatukukosana. Tunasalimiana, tunazikana, tunaozeshana watoto. Mkate tu ndio hatuzungumzi."

Nikamweleza kwa unyenyekevu wote jinsi mkate wake ulivyonitoka mgumu. Hakukasirika. Alitaka kujua niliupiga kwa mwiko gani, makaa ya mti gani, kikombe cha ukubwa gani, na kila nilipojibu alitikisa kichwa kwa huruma. Mwishowe akasema kesho baada ya ibada ataupika mbele yangu, nione.

Tulivuka soko kwenda kwa wifi. Huyu alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Cherehani ya marehemu mumewe ilikuwa bado barazani, imefunikwa kitambaa cha viraka. Nilipomwambia ninachotafuta aliingia ndani, akatoka na bahasha ya karatasi ngumu za kahawia, zile mafundi wanazokatia vipimo. Moja ilikuwa na umbo la mkono wa koti, nyingine la ukosi. Nyuma ya kila moja, kwa penseli ya fundi, aliandika mapishi: kisamvu kwenye ukosi, maandazi kwenye mfuko wa suruali, na mkate wa uwele umejaza mgongo mzima wa gauni.

"Karatasi nyingine zingetoka wapi, mwanangu? Mzee akimaliza kukata, mimi naandika."

Nilitamani kulia kwa furaha. Nikamwomba ruhusa ya kuzipiga picha, akaniruhusu, akazishika mwenyewe moja moja mwangani, akijipima nazo mwilini na kutuchekesha.

"Umetoka kwa wifi yangu?" aliuliza ghafla, bila kuniangalia.

"Ndiyo, bibi."

"Amesema mimi mwongo?"

Mume wangu akakohoa. Mimi nikasema bibi amesema atapika kesho baada ya ibada.

"Atapika nini, tofali? Basi na mimi napika. Kwangu, si kwake. Halafu ule wewe, useme."

Ndivyo tulivyolala gesti tukiwa waamuzi wa kesi ambayo hatukuiomba. Mume wangu aliona ni likizo bora kuliko zote alizowahi kupata.

Jumapili nilishinda nikikimbia kati ya nyumba mbili. Nilikuwa na kikombe cha kupimia na kalamu. Bibi wa Mwinjilisti alikuwa akichota unga kwa kiganja, nami nikimzuia mkono hewani nipime kabla haujaanguka. "Utanichelewesha, wewe," alilalamika, lakini alikuwa akinisubiri. Kwa Bibi wa Fundi nilipewa kazi ya kupepea makaa, na nilipomuuliza togwa kiasi gani, alijibu, "Mpaka unga uache kunung'unika." Nikamwomba anionyeshe. Na kweli, ukisikiliza, unga wa uwele ukikandwa na kitu cha majimaji unatoa sauti ya mchanga, kisha sauti inakatika. Niliandika hivyohivyo.

Ilipofika mchana mikate miwili ilikuwa tayari, na kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kula nikasema, nilikataa kusema. Niliwaambia siujui mkate wa mama yao, sijawahi kumwona, nitaamuaje? Wanaoujua ni wao wawili. Nilimwambia kila mmoja peke yake. Kisha Bibi wa Fundi akafunga mkate wake katika kitenge, akaniambia, "Twende basi. Lakini nikikaa, nakaa karibu na mlango."

Bibi wa Mwinjilisti alipotuona tunaingia uani kwake aliingia ndani akatoka na kiti chenye mto, akamwekea wifi yake, na si karibu na mlango.

"Mbukwa, wifi," alisema Bibi wa Fundi, kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa. Umenenepa."

"Wewe umekonda. Nani anakupikia?"

Wakakata mikate. Kila mmoja akala wa mwenzake, macho yakiwa kwenye miti. Mume wangu alikuwa ameshika kipande kwa kila mkono, na cha kulia hakufanikiwa kukivunja. Tulisubiri. Kuku walisubiri.

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi wa Mwinjilisti. "Huu wako si wa mama."

"Si wa mama," alikubali Bibi wa Fundi kwa upole ambao sikuutegemea. "Na huu wako, wifi, si wa mama pia."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimejua miaka yote. Ninafanya kila alichoniambia. Unga, kimea, magadi, maji. Ule wake ulikuwa unapanda. Ulikuwa na uchachu kidogo, hapa, pembeni ya ulimi. Wangu haupandi. Nikadhani ni mkono wangu. Ndiyo maana niliandika tuombe."

Bibi wa Fundi alikuwa ameacha kutafuna. "Maji gani?"

"Maji. Maji ya kibuyu. Alikuwa akiniambia, lete maji ya kibuyu. Naenda mtungini, nachota na kibuyu, nampa."

"Naye anafanyaje?"

"Anacheka. Ananyanyuka anakwenda zizini, anarudi, tunaendelea."

Bibi wa Fundi akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Alipoweza kusema, alitueleza. Kwao walifuga, na maziwa yaligandishwa ndani ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Maziwa yakiganda, chini hubaki majimaji ya kijani hafifu, machachu. Hayo nyumbani kwao ndiyo yaliyoitwa maji ya kibuyu. Mke wa kaka yake aliolewa kutoka milimani, kwa watu wa jembe wasio na ng'ombe. Alikuja Kigogo hajui, na mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Basi kila alipotumwa alileta maji, na mama mkwe, kwa kutotaka kumwaibisha bibi harusi, aliyapokea, akayamwaga nyuma ya nyumba na kwenda kuchukua yale ya maziwa mwenyewe.

"Miaka yote hiyo!" Bibi wa Mwinjilisti alisema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anakupenda. Alisema, yule binti anachota maji vizuri."

Sasa walikuwa wanacheka wote wawili, na mimi nilikuwa naandika huku machozi yakinidondokea kwenye karatasi. Lakini Bibi wa Mwinjilisti si mtu wa kusahau hesabu yake. Akajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Haya. Na wewe uliyekuwa unajua yote, togwa iliingiaje?"

Bibi wa Fundi akatazama mikono yake. "Niliolewa na fundi cherehani. Cherehani haitoi maziwa. Nikaweka togwa, watoto wakala, wakaomba tena. Basi."

"Ukaandika huu ndio wenyewe."

"Bibi Maendeleo aliniuliza napikaje. Hakuniuliza mama alipikaje."

Hapo Bibi wa Mwinjilisti aliinua mikono kama mtu aliyeshindwa bao, akasema hilo ni jibu la kwao kabisa, hata marehemu mumewe angejibu hivyo.

Maziwa ya mgando yalipatikana kwa jirani anayefuga. Hayakutoka kwenye kibuyu, yalitoka kwenye dumu, na hilo lilizua mjadala mwingine, lakini mfupi. Bibi wa Fundi alichuja yale majimaji kwa kitambaa, Bibi wa Mwinjilisti akachota unga. Walikanda katika beseni moja, mikono minne, wakisukumana. "Ongeza." "Usiongeze." "Sikiliza, umenyamaza." Sikuthubutu kuingiza kikombe changu cha kupimia. Nilikadiria kwa macho, na baadaye, nyumbani, ilinibidi nijaribu mara kadhaa kabla sijapata vipimo sawasawa. Sufuria ikafunikwa, makaa yakapangwa juu, na Bibi wa Mwinjilisti akafumba macho kidogo. Wifi yake akamsubiri amalize.

Mkate ulipanda. Haukupanda sana, mkate wa uwele hauna makuu, lakini ulivimba katikati na kupasuka juu kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ndani ulikuwa wa kijivu, laini, na ule uchachu ulikuwepo, pembeni ya ulimi, kama alivyosema. Bibi wa Fundi aliutafuna, akaacha, akamtazama mwenzake. Bibi wa Mwinjilisti alimsogezea kipande cha ukoko, ambacho naona ndicho kilikuwa kizuri zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakipigia mahesabu.

Watoto wa jirani walikuja, kisha mama aliyekuwa akifagia kanisani, ambaye alipowaona wawili hao kwenye mkeka mmoja alisahau alichofuata. Naye akapewa mkate. Akauliza ni wa nani.

"Wa mama," walijibu kwa pamoja.

Tuliondoka jua likiwa limeelemea, na mkate mzima umefungwa kitengeni, juu ya mapaja yangu, ukiwa bado na joto. Bibi wa Fundi alinipa karatasi ya ukosi, ile ya kisamvu, niende nayo. Nilikataa kwanza, kama inavyostahili, kisha nikaikunja vizuri kabla hajabadili mawazo. Bibi wa Mwinjilisti alinipa maharage ya kutosha ukoo wa watu, kisha akaja dirishani mwa gari.

"Mjukuu wangu, ukiandika, andika majimaji ya maziwa. Usiandike maji ya kibuyu."

"Nitaandika yote mawili, bibi, na maelezo."

"Na maelezo yawe marefu," Bibi wa Fundi alipaza sauti toka nyuma yake. "Watu waelewe alikuwa anaenda mtungini!"

Alipigwa kanga begani kwa hilo. Tuliwaacha pale langoni wakibishana kama sukari iliingia kabla au baada ya kimea, na mume wangu akashuka mlima polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukijipenyeza kitengeni.